Penseli ya Mjomba

Mimi ndiye niliyeandika. Mjomba Nodar asilaumiwe.
Usiku wa Februari, Tbilisi, ghorofa ya tisa,
hita moja chini ya meza, miguu yetu minne ikiigombania,
naye ananitajia maisha yake
kama mtu anayehesabu nguo za dobi:
fundi lifti, miaka ishirini na mitatu.
Basi.
"Basi nini, Mjomba?"
"Basi hivyo. Zilikwama, nikazikwamua."

Nikamwambia wasifu umezaliwa na sifa.
"Kizuri chajiuza," akasema.
Kwa bei gani, nikamuuliza, na nani kakisikia?
Nikaandika: Meneja wa Usafiri wa Wima.
Akacheka hadi akakohoa.
Nikaandika: Kijerumani, kwa ufasaha,
kwa kuwa aliwahi kukaa Leipzig miezi miwili
akipakia maziwa kwenye malori.
Nikaandika: Kiongozi wa Timu.
Timu ilikuwa yeye na Vazha,
na Vazha aghalabu alikuwa amelala.

"Lia, unatia chumvi."
"Kidogo tu. Hata jibini huli bila chumvi."
"Jibini nikilionja nalijua ni jibini.
Huyu mtu simjui."

Likabaki pengo, miaka minne,
pale pale mbele, kwenye meno ya juu.
Nikaliziba: Mshauri wa Kujitegemea.
Safari hii hakucheka.
Aliitazama hita.

Asubuhi akavaa koti la harusi ya mtu mwingine
akashuka. Lifti yetu haipandi wala haishuki
mpaka uilishe sarafu; kile kisanduku
alikifunga yeye mwenyewe, anajua wapi pa kukigonga
kikubali bure. Hulipa.

Ya ofisini alinisimulia jioni, akivua viatu.
Vijana sita, makabrasha sita, harufu ya marashi,
kila mmoja amekwisha kuongoza kitu fulani.
Yeye akaiweka karatasi gotini
akatoa penseli anayotilia alama nyaya.
*Meneja* akamkata, akaandika: fundi.
*Kwa ufasaha* akaukata, akaandika:
maziwa, baridi, funga mlango.
Kiongozi akamwacha, ila pembeni akaongeza
jina la Vazha, lisije likasahaulika.
Na Mshauri wa Kujitegemea,
mstari mmoja, mwembamba,
juu yake neno moja: mama.

Miaka minne ile, lifti ilipokufa na jengo likakosa hela,
alikuwa akimbeba bibi mgongoni
ngazi mia na sitini na mbili, hospitali na kurudi.
Nilikuwa nawatangulia na mkoba wa dawa.
Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na mbili.
Nikakuita ushauri.

"Wakasemaje?"
"Walisema watapiga simu."

Wakapiga, siku ya tisa.
Mama mmoja mwenye sauti ya haraka:
"Yule wa penseli tumemwelewa. Mtu mzuri.
Tunamtafuta yule wa chini ya penseli."

Nilikwenda. Siwezi kusema nilisitasita.
Sasa naandika vipeperushi vya lifti mpya:
*kimya kama theluji, salama kizazi hadi kizazi*.
Mjomba huvisoma kwenye chai,
husema baridi ya pili zitalia kama mbuzi,
kisha huniuliza kama nimekula.
Ile karatasi yake iko kwenye saraka yangu.
Neno la penseli linafifia kwa kushikwashikwa
na kulipitishia wino siwezi,
mkono wangu haujulikani utaongeza nini.

Juzi, nikirudi na begi la kompyuta,
lifti ikakwama kati ya sita na saba.
Giza. Nikapiga kengele, nikapiga bati.
Kwa mbali nikasikia viatu vyake ngazini,
polepole, goti la kushoto likilalamika,
kisha sauti upande wa pili wa mlango:
"Nani humo?"

Nusura nimtajie cheo.